Waya wa leza, mistari ya Shintake, au fuwele pembeni? Kuchagua njia ya kupima mwali wa elektroni bila kuuvuruga

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia Ijumaa jioni, wingu limeshafunika milima ya Nandi, na karatasi mbili mkononi. "Madam, imerudi," akasema. Alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo katika maabara moja ng'ambo, wakamtaka aeleze atapimaje mwali wa elektroni bila kuuvuruga. Yeye akaandika neno moja: leza. Ilirudi kwa haki. Ukimwambia konda pale stendi ya Kisumu kwamba unaenda "huko juu", atakuuliza juu wapi, Kakamega au Kapsabet, maana nauli si moja na njia si moja.

Leza nayo ina njia zake. Tatu ndizo anazokutana nazo mtu wa huku kwetu anayetafuta nafasi kama hiyo, au anayetaka mada ya tasnifu: waya wa leza, kipimo cha Shintake, na fuwele inayowekwa pembeni mwa mwali. Nitaziweka ubavu kwa ubavu, ila sitajifanya sina ninayoipendelea.

Kichapuzi ni mashine inayosukuma chembe ndani ya bomba lisilo na hewa mpaka zikaribie kasi ya mwanga. Elektroni humo haziendi kama maji ya mfereji. Huenda kwa mafungu, fungu moja likiwa na elektroni bilioni kadhaa, na kati ya fungu na fungu pana nafasi tupu. Anayeendesha mashine anataka kujua fungu lake lina upana gani na urefu gani. Zamani jibu lilipatikana kwa kuweka kitu njiani: kibao kinachong'aa kikigongwa, au waya wa kaboni au tungsteni unaopitishwa polepole. Kibao huliharibu fungu. Waya huliharibu kidogo, na fungu likiwa kali sana, lenyewe ndilo linaloukata waya. Huko SLAC, maabara ya vichapuzi ya California, katika miaka ya 1990, mafungu ya kichapuzi cha SLC yalibanwa mahali pa kugongana kupita kile ambacho uzi wowote mgumu ungevumilia. Ndipo wakaweka mwanga mahali pa waya, kwa sababu mwanga haukatiki.

Waya wa leza

Nenda Dunga jioni ambayo wadudu wa ziwani wameinuka juu ya maji kama moshi. Washa tochi yenye mwanga mwembamba, uupitishe taratibu kutoka ukingo mmoja wa kundi lile hadi mwingine. Ukingoni utaona mabawa machache yakimetameta, katikati mengi, kisha machache tena. Ukihesabu katika kila hatua, umepata umbo la kundi zima, na hakuna mdudu aliyeumia.

Waya wa leza ndio huo. Mwanga uliobanwa na lenzi mpaka ukawa kama uzi unakatiza njia ya elektroni. Fotoni (chembe za mwanga) chache hugongana na elektroni, na hapo jambo alilolieleza Arthur Compton mwaka 1923 linatokea kinyumenyume: fotoni, badala ya kupoteza nishati, huipokea kutoka kwa elektroni inayokimbia. Katika kichapuzi cha ATF, kwenye maabara ya KEK kule Tsukuba, Japani, elektroni huwa na nishati ya GeV 1.3 (nishati hupimwa kwa eV; MeV ni eV milioni, GeV ni eV bilioni). Fotoni ya leza ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), huingia na eV 2.33. Ikigongana kwa pembe mraba, inaweza kutoka na karibu MeV 30. Yaani uweke shilingi mbili na ushee, utoke na karibu milioni 30. Hata vijana wetu wa kubeti hawaoti hivyo.

Fotoni hizo zilizonona huruka mbele pamoja na mwali. Sumaku inaupinda mwali, fotoni hazipindiki, basi zinakwenda moja kwa moja hadi kwenye kigunduzi. Unasogeza leza hatua kwa hatua na kila hatua unaandika kigunduzi kimeona kiasi gani.

Je, ni kweli haivurugi? Elektroni moja, kwa macho ya fotoni, ni shabaha ya eneo la sentimita mraba 6.65 × 10⁻²⁵. Ni ndogo kiasi kwamba katika fungu la elektroni bilioni 10, zinazoguswa ni maelfu, pengine mamia tu. Zilizobaki hupita hazina habari. Kwa anayeendesha mashine, hiyo ni sawa na sifuri.

Kasoro yake iko kwenye mwanga wenyewe. Huwezi kuubana ukawa mwembamba zaidi ya urefu wa wimbi lake, au karibu na hapo. Na kadiri unavyoubana, ndivyo kiuno chake kinavyokuwa kifupi: mbele na nyuma ya kiuno mwanga unatanuka haraka. Sasa fungu la elektroni kwenye mashine nyingi halina umbo la mpira. Ni bapa kama chapati iliyolala, pana kwa mlalo, nyembamba kwa wima. Katikati ya chapati leza ni nyembamba, lakini pembeni imeshanenepa, na kipimo chako kinachanganya vyote viwili. Watu wa ATF2, mwendelezo wa ATF, walilazimika kuingiza umbo hilo la leza kwenye hesabu zao, na wakaweza kupima wima wa karibu maikromita 1 (sehemu ya milioni ya mita). Hapo ndipo njia hii inapoanza kuishiwa pumzi.

Mistari ya Shintake

Tsumoru Shintake, mwanafizikia wa Kijapani, alikwepa kikwazo hicho kwa ujanja. Aliona kwamba si lazima uubane mwanga uwe uzi mmoja. Chukua leza moja, igawe mara mbili, uzikutanishe nusu zake kutoka pande tofauti. Mawimbi yakikutana hujipanga kuwa mistari ya mwanga na giza, mwanga na giza, kwa nafasi zilizo sawa kabisa. Elektroni zikipita penye mwanga, fotoni nyingi zinarushwa. Zikipita penye giza, chache.

Ili uelewe kinachopimwa, gusa ukuta wa mabati. Pitisha ncha ya kidole kukatiza mikunjo ya bati: kinapanda, kinashuka, kinapanda. Sasa pitisha kiganja kizima. Kinateleza tu, huhisi mlima wala bonde. Fungu jembamba ni kidole, fungu pana ni kiganja. Unasogeza mistari kidogo kidogo na kutazama idadi ya fotoni ikipanda na kushuka. Mpando na mshuko ukiwa mkubwa, fungu ni jembamba.

Miale miwili ya kijani ikikutana karibu uso kwa uso, kwa pembe ya digrii 174, mistari inakaa kila nanomita 266. Piga hesabu kwa mistari hiyo, leza ikiwa haina dosari: fungu la nanomita 20 linatoa mpando na mshuko wa karibu asilimia 89. La nanomita 40, karibu 64. La nanomita 100, asilimia 6 tu, kiasi ambacho kelele ya kawaida inaweza kukimeza. Kwa hiyo pembe moja inaona dirisha dogo la ukubwa, na ukitaka kupima fungu pana zaidi lazima ubadilishe pembe. Kwa digrii 30 mistari inakuwa karibu maikromita 1. Ndiyo maana chombo cha ATF2 kilijengwa na pembe kadhaa.

Kwa njia hii SLAC walipima fungu la karibu nanomita 70 mwaka 1994, na ATF2 baadaye wakafika karibu nanomita 40. Hakuna waya wa leza utakaokupa hiyo.

Lakini kuna jambo moja ningemwambia mtu yeyote kabla hajavutiwa na neno nanomita, na wengi huvutiwa. Karibu kila kosa la chombo linavuta upande mmoja. Kioo kikitikisika, nusu mbili za leza zisipolingana nguvu, fungu likiyumba kati ya mpigo na mpigo, yote yanapunguza mpando na mshuko, na fungu linaonekana nene kuliko lilivyo. Ni nadra kosa la aina hiyo kulifanya lionekane jembamba. Ukiwa na fungu la nanomita 40 na chombo kikakuambia 60, utatumia miezi kujua kama mkosaji ni mashine au ni wewe. Na huu ni upimaji ambao lori likipita barabarani unalisikia.

Fuwele pembeni

Njia ya tatu haipimi upana hata kidogo. Hupima urefu, yaani fungu linachukua muda gani kupita, na hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokuwa amechanganya mambo kwenye karatasi yake.

Fungu la elektroni zinazokimbia karibu kama mwanga hubeba uga wa umeme uliobanwa ukawa kama diski, umesimama wima kwenye mwelekeo wa safari. Weka fuwele milimita chache kando ya njia, isiguswe na elektroni. Diski ikipita, fuwele inabadilika kwa kitambo kile kile: mwanga unaopita ndani yake unageuzwa upande wa mtikisiko wake. Friedrich Pockels alilichunguza jambo hili mwaka 1893, kabla elektroni haijapewa hata haki yake kamili. Fuwele zinazopendwa ni za zinki na teluri, au galiamu na fosforasi, vipande vya nusu milimita au chini ya hapo.

Ujanja mzuri zaidi uko kwenye leza. Mpigo wake hunyooshwa hadi rangi zake zifuatane, tuseme nyekundu mbele, nyingine nyuma, kama watu kwenye foleni. Kila rangi inapita kwenye fuwele kwa wakati wake. Rangi iliyokutana na uga inatoka imegeuzwa, isiyokutana nao inatoka kama ilivyoingia. Mwisho unaitawanya rangi na kusoma: zipi zimegeuzwa, na kwa kiasi gani. Wakati umegeuka kuwa rangi, na fungu moja lililopita mara moja limekuachia picha yake nzima. Watafiti wa FELIX, kichapuzi cha Uholanzi, walionyesha kipimo hiki mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wale wa kichapuzi cha FLASH kule Hamburg, wakiisoma fuwele kwa namna nyingine, wakapima mafungu ya karibu femtosekunde 60 (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde).

Nilitaka mwanafunzi aone, si asikie. Fuwele ya galiamu huipati Kibuye, hata ukiamka alfajiri. Lakini televisheni zilizokufa zimejaa. Jumatatu nilipita kwa fundi mmoja Kondele, nikamwomba ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa mbele ya kioo cha skrini, ile inayochuja mtikisiko wa mwanga. Akaikwangua kwa wembe, akanikatia kipande cha ukubwa wa daftari.

"Hii ni ya nini, Madam?"

"Kupima elektroni."

Akanitazama kidogo. "Sawa. Mia mbili."

Mwanga wa skrini ya kompyuta tayari umechujwa upande mmoja. Weka kipande kile mbele yake, ukizungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa ingiza rula ya plastiki angavu katikati. Rula inang'aa ndani ya giza, na ukiikunja kidogo, mikanda ya rangi inaanza kutembea ndani yake, ya zambarau, ya manjano, ya kijani, ikijikusanya pale panapobanwa zaidi. Hapa kinachobadilisha plastiki ni mkunjo, si uga wa umeme, kwa hiyo si kile cha Pockels hasa, ni ndugu yake. Lakini macho yako yameona kitu kizima cha njia hii: giza, kitu angavu katikati, nguvu inayokibadilisha, na mwanga unaopenya. Mwanafunzi alikunja rula ile hadi ikavunjika.

Mipaka ya fuwele ni miwili, na yote inahesabika kwa kalamu. Wa kwanza ni fuwele yenyewe: ya zinki na teluri inaanza kudanganya karibu na THz 5 (mitikisiko trilioni 5 kwa sekunde), ya galiamu na fosforasi karibu na 11. Fungu fupi sana linatanuliwa na fuwele kabla hujalisoma. Wa pili ni umbali. Diski ya uga si nyembamba kamili; unene wake ni umbali wa fuwele kutoka kwenye mwali ukigawanywa kwa kigezo cha Lorentz, yaani nishati ya elektroni ni mara ngapi ya ile iliyo nayo ikiwa imetulia. Kwa fuwele iliyo milimita 5 kando, elektroni za GeV 1.3 zinakupa ukungu wa karibu femtosekunde 7, si kitu. Za MeV 50, karibu femtosekunde 170, na hapo fungu la femtosekunde 60 limeshapotea. Ukisogeza fuwele karibu zaidi unapata ukali, na unapata pia elektroni za pembeni zinazoigonga na kuichosha siku hadi siku.

Zikiwekwa pamoja

Swali la kwanza basi ni upana au urefu. Ukitaka urefu, ni fuwele, na mazungumzo yameisha. Ukitaka upana, uliza ukubwa: kuanzia maikromita 1 kwenda juu ni waya wa leza, chini ya hapo ni Shintake. Mtu anayechagua Shintake kwa fungu la maikromita 5 anatumia mizani ya dhahabu kupima gunia la mahindi.

Swali la pili watu hulisahau: unataka habari za fungu moja au wastani wa mengi? Waya wa leza na Shintake vyote hukusanya hatua kwa hatua. ATF hutoa fungu karibu mara 3 kwa sekunde, kwa hiyo umbo moja linajengwa na mafungu mengi, na yakiwa yanayumba, wastani unaficha myumbo au unauhesabu kama unene. Fuwele inasoma fungu moja moja. Katika sinkrotroni (kichapuzi cha duara) ya KARA, Karlsruhe, yenye mzingo wa mita 110 hivi, fungu huzunguka karibu mara milioni 2.7 kwa sekunde, na huko fuwele hutumika kufuatilia jinsi fungu hilo hilo linavyobadilika umbo kutoka mzunguko hadi mzunguko. Hili, kwangu, ndilo jambo zuri kuliko yote katika uwanja huu.

Swali la tatu ni nishati ya mwali. Huulizwa sana hapa kwetu kwa sababu ya mashine za kutibu saratani, ambazo nazo ni vichapuzi vya elektroni. Je, tunaweza kuweka waya wa leza pale? Tupige hesabu. Kwa elektroni za MeV 6, fotoni ya kijani hata ikigongwa uso kwa uso inatoka na keV 1.5 tu (eV 1,500). Bati jembamba la alumini linaimeza, achilia mbali kwamba ingezama katika eksirei zinazozalishwa na mashine yenyewe. Fuwele nayo ingekuwa na ukungu wa zaidi ya pikosekunde 1 (femtosekunde 1,000). Na mashine ile haihitaji: mwali wake mara nyingi unaishia kwenye shabaha ya metali kwa makusudi, na dozi hupimwa na vyumba vya ayoni (vipima-mionzi) njiani. Leza ina heshima yake ikiwa nishati ni mamia ya MeV na kuendelea.

Kuna matumizi mengine ya mgongano ule ule wa Compton, nayataja kwa kupita: kupima nishati ya mwali kwa kutazama fotoni zinazotoka zinakomea wapi, kama walivyofanya BESSY II mjini Berlin, na kupima mzunguko wa ndani wa elektroni, kama ilivyokuwa HERA, Hamburg. Si ya kuchaguliwa badala ya hizi tatu, yanajibu maswali mengine.

Ugumu unaozidi yote, kwa njia zote tatu, ni kukutanisha leza na fungu. Nilipokuwa mwanafunzi katika maabara moja ng'ambo nilipoteza usiku mbili nikitafuta mgongano ambao haukuwepo. Leza ilikuwa nzuri, mwali ulikuwa mzuri, kigunduzi kimya. Nilikuwa nimebadilisha kebo moja na kuweka nyingine ndefu zaidi kwa mita 3, nikasahau. Katika kebo ishara husafiri karibu sentimita 20 kwa nanosekunde, kwa hiyo nilichelewesha leza kwa nanosekunde 15, na fungu lilikuwa linapita kwa pikosekunde chache. Nilikuwa nafika stendi basi limeshavuka Ahero.

Rafiki yangu anayefundisha Nakuru hakubaliani nami. Anasema mwanafunzi wa huku achukue waya wa leza, kwa sababu mgongano wa Compton unaigizwa kwa Geant4, programu ya bure, na kompyuta moja nzuri inatosha hata stima ikipotea mara mbili kwa wiki. Kwa kazi ya uigaji ana haki, na kama mwanafunzi ni hodari wa kuandika programu nitamwambia hivyo hivyo. Kwa anayeanza, mimi nachagua fuwele. Hesabu zake za kwanza zinaingia kwenye jedwali la kawaida, sehemu ya moyo wake inaonekana mezani kwa shilingi mia mbili, na maabara zenye mwali mfupi zinahitaji mikono. Shintake ningemwachia mtu aliyekwisha kufanya mojawapo ya hizo mbili, na mwenye subira ya mvuvi.

Mwanafunzi alikata neno "leza" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "urefu wa fungu, kwa fuwele ya galiamu na fosforasi". Kisha akasita. "Niweke umbali gani, Madam?"

"Nishati ya mashine yao ni ngapi?"

Akapekua karatasi ya pili. Hawakuwa wamesema. Akachukua simu na kuanza kuwaandikia.